Sharti Si Sifa

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakishatoka, na KUCCPS inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo ikafungua tovuti yake ya kuchagua kozi, saiba za Garissa, yaani vyumba vya intaneti, hujaa wazazi na watoto wao. Neno moja la Kiingereza husikika kuliko yote: requirements. Wengine hulitamka rikwayamenti, na wote wanalijua kuwa ndilo linalomzuia mtoto. Kwa Kiswahili, matangazo mengi yamezoea kulifasiri mahitaji. Mahitaji ya kujiunga, mahitaji ya shahada, mahitaji ya kazi.

Fasiri hiyo haifai. Mahitaji ni ya mwenye kupungukiwa. Mwanafunzi anayetoka Mandera kwenda kusoma Garissa ana mahitaji: nauli, godoro, karo, pesa ya chakula. Chuo hakipungukiwi na C+ ya mtu yeyote. Chuo kimeweka mpaka mlangoni, na mpaka wa namna hiyo una jina lake la siku zote, nalo ni sharti. Mkopeshaji ana masharti, mwenye nyumba ana masharti, mganga naye ana masharti yake. Sijawahi kusikia mtu akisema mganga amempa dawa yenye mahitaji.

Kwa msomaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya neno sharti lina faida ya ziada. Wasomali wanalo, shardi, wingi wake shuruud, kutoka chimbuko lile lile la Kiarabu lililotupa sisi sharti na shuruti. Tena mtoto aliyepitia duksi au madrasa amefundishwa mapema kwamba swala ina masharti yake na ina nguzo zake. Udhu ni sharti, unautimiza kabla hujaingia kwenye swala. Kurukuu ni nguzo, iko ndani ya swala yenyewe. Chuo nacho kina mambo ya aina hizo mbili, ila Kiingereza huyarundika yote chini ya neno moja. Kuna yanayodaiwa kabla ya kuingia, na kuna yanayodaiwa ukiwa ndani kabla hujavaa joho: yuniti zote ziwe zimepita, sapu, yaani mitihani ya marudio, zimalizwe, mazoezi ya ufundishaji yafanywe na kukaguliwa, alama zilizopotea kwenye kabati la idara zipatikane. Ya kwanza ni masharti ya kujiunga, ya pili ni masharti ya kuhitimu. Kusema kweli ningependa haya ya pili yaitwe nguzo za shahada, lakini wasajili wa vyuo hawatakubali, na shahada yenyewe kwa Waislamu tayari ni nguzo ya kwanza ya dini. Tuyaache.

Limebaki neno la tatu, sifa, na hili ndilo lenye mgogoro. Tanzania husema sifa za kujiunga na sifa za mwombaji, na hicho ni Kiswahili kizuri. Lakini sifa na sharti si visawe. Sifa iko ndani ya mtu: anaimudu lugha au haimudu, ana subira na watoto au hana. Sharti limewekwa na mwingine, na aliyeliweka anaweza kulilegeza, kulikaza au kuliondoa. Waziri anaweza kuondoa sharti kwa waraka wa ukurasa mmoja. Hakuna waraka unaompa mtu sifa.

Tumchukue kijana anayetaka kuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati ya kujitegemea mwaka 2017, kinafundisha shahada ya elimu, kozi ya miaka 4. Sharti la kujiunga na shahada hiyo nchini Kenya ni wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na C+ katika masomo atakayofundisha. Mwenye kuchagua Kiingereza kwa kawaida hukioanisha na fasihi yake, kwa kuwa shuleni viwili hivyo vinatahiniwa kama somo moja lenye karatasi 3: ya matumizi ya lugha, ya ufahamu na sarufi, na ya insha na vitabu teule. Juu ya hayo kuna klasta, yaani masomo manne yanayopimwa pamoja, kila moja likiwa na kilele cha pointi 12, jumla 48. Sharti linasema nani anaruhusiwa kuomba. Klasta inaamua nani kati ya walioomba atapata nafasi. Wazazi wengi huchanganya mambo haya mawili, na watoto wao pia.

Mbele ya kompyuta mazungumzo huenda hivi.

“Mzee, kijana wako amefika C plus. Lakini ualimu wa Kiingereza umekataa.”

“Umekataa vipi, na amepita?”

“Kiingereza yenyewe iko C.”

“Kati ya C na C plus kuna nini?”

“Pointi moja, mzee. C ni sita, C plus ni saba.”

Mzee hunyamaza kidogo, kisha humgeukia mtoto na kumwuliza kwa Kisomali swali ambalo mwenye saiba hana haja ya kutafsiriwa.

Tangu KCSE ya mwaka 2023 mtego huu umezidi kujificha. Zamani Kiingereza, Kiswahili na Hesabu vyote vilihesabiwa kwenye wastani. Sasa wastani hutokana na Hesabu, lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vizuri zaidi, iwe Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, na masomo mengine 5 aliyopata vizuri. Kwa hiyo mtoto anaweza kufikia C+ bila Kiingereza chake kuhesabiwa popote. Furaha ya nyumbani ni halali, lakini mlango wa ualimu wa Kiingereza unabaki umefungwa. Nauona utaratibu mpya kuwa wa haki zaidi kwa mtoto wa Wajir, ambaye nyumbani anasema Kisomali, duksi anasoma Kiarabu, sokoni anapatana kwa Kiswahili, na Kiingereza anakikuta darasani kikiwa lugha ya nne. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kwamba sharti la wastani na sharti la somo ni masharti mawili.

Hata akihitimu, hajamaliza. Kufundisha kunataka usajili wa TSC, tume ya walimu, na TSC huweka masharti yake yenyewe, ikiangalia cheti cha KCSE pamoja na cha shahada. Inataka pia cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, kile ambacho kila mtu Kenya hukiita gudi kondakti. Alama za vidole za mwalimu mtarajiwa hupita mikononi mwa wapelelezi wa jinai kabla hajashika chaki.

Na kwa kuwa tumewataja wapelelezi, tuseme kidogo kuhusu masomo yao. Kile ambacho vyuo vya Marekani hukiita criminal justice, Tanzania wamekipatia jina fupi na imara, haki jinai. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na tangu hapo neno limezoeleka hata kwa wasiosoma sheria. Linabeba polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza kwa pamoja. Kenya bado tunasitasita kati ya haki ya jinai na haki za jinai, na hili la pili linapotosha, kana kwamba jinai nayo ina haki zake. Tuwaige Watanzania. Vyuo vyetu kwa kawaida hutoa kriminolojia, ambayo ni elimu ya uhalifu na wahalifu, si ya taasisi zinazowashughulikia, ingawa kwenye ratiba ya yuniti mambo hayo hukaribiana. Masharti ya kujiunga nayo ni mepesi kuliko ya ualimu: C+ ya wastani, na masharti ya somo moja moja huwa madogo. Yule kijana wa C ya Kiingereza anaweza kuipata.

Jambo ambalo wazazi wa Garissa huligundua kwa kuchelewa ni kwamba shahada hiyo si sharti la kuwa polisi. Anayeandikishwa kuwa konstebo anatakiwa kuwa na D+ ya wastani, na D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Mwenye kutaka sheria hutakiwa C+ ya wastani na B katika Kiingereza au Kiswahili. Linganisha hilo la polisi na Minnesota, Marekani, walikohamia Wasomali wengi wakiwemo waliopitia kambi za wakimbizi za Dadaab: huko kwa miaka mingi askari ametakiwa kuwa na walau shahada ya miaka 2 kabla ya kupewa leseni. Halafu mtazame kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya kinataka awe Mwislamu na awe na ujuzi wa sheria ya Kiislamu ambao Tume ya Huduma za Mahakama itauona unatosha. Katiba haikutaja alama wala wastani. Katika Katiba nafasi ya kadhi imejengwa juu ya sifa, na sijasikia aliyelalamika kwamba kiwango kimeshushwa.

Malalamiko ya viwango hutokea kwa walimu, na kwa Kaskazini Mashariki yana historia yenye damu. Novemba 22, 2014, wanamgambo wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera wakaua watu 28, walimu wakiwa miongoni mwao. Aprili 2, 2015, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148. Walimu waliotoka kaunti nyingine walianza kuondoka, na Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, TSC ilihamisha wengi wa waliobaki. Shule zikabaki na walimu wachache wenyeji, na kwingine waliomaliza kidato cha nne wakasimama mbele ya darasa kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine.

Hitaji la walimu wenyeji lilikuwa limeonekana mapema. Mwaka 2018 Waziri wa Elimu Amina Mohamed aliamua kwamba wanafunzi wa kaunti za wafugaji, Garissa, Wajir na Mandera zikiwemo, waingie vyuo vya ualimu wa msingi kwa D+ badala ya C, na diploma kwa C- badala ya C+. TSC ikapinga. Mjadala ukaendeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili uamuzi ukaitwa kushusha viwango, nao wazazi wa huku wakasikia wakitukanwa kwamba watoto wao hawana viwango.

Naamini sehemu ya ugomvi ule ilikuwa ya istilahi. Waziri alikuwa akizungumza juu ya sharti: mlango ni mwembamba mno kwa mtoto ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo upanuliwe. Hapo alikuwa na haki kamili, kwa kuwa D+ ya mtoto huyo inasema mengi kuhusu shule kuliko kumhusu yeye. TSC ilikuwa ikizungumza juu ya sifa: atakayesimama mbele ya watoto lazima aimudu lugha anayowafundisha. Nao walikuwa na haki. Walitumia neno lile lile, kila upande ukaona mwingine amepotoka. Lawama yangu kwa serikali ni nyingine: ililegeza sharti bila kueleza sifa zitajengwa wapi, kwa muda gani na kwa gharama ya nani. Ukimwingiza mwanafunzi wa D+ kwenye kozi ile ile, kwa muda ule ule, na mkufunzi yule yule anayedhani kila mtu ana C, umemdhulumu yeye na watoto atakaowafundisha.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na mfano uko humu humu kaunti ya Garissa. Kuanzia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha York cha Kanada, pamoja na vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, waliendesha mpango wa kuwasomesha walimu wa kambi za Dadaab, wengi wao wakiwa wakimbizi waliokuwa wakifundisha bila mafunzo. Hawakurushwa moja kwa moja kwenye shahada. Walianza na kozi ya matayarisho: Kiingereza cha kitaaluma, kompyuta, namna ya kuandika na kutafiti. Baada ya hapo ndipo wakapanda ngazi ya cheti, diploma na shahada. Sharti la mlangoni lililegezwa, kisha ikapangwa kazi ya kujenga sifa, na fedha zikatengwa kwa kazi hiyo. Vyuo vyetu vya ualimu vinastahili nafasi kama hiyo.

Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, kwa hiyo si fadhila kuomba kwamba KUCCPS, TSC na vyuo vichapishe masharti yao kwa Kiswahili. Yachapishwe kwa mafungu yaliyotengana: masharti ya kujiunga, masharti ya kuhitimu, masharti ya kusajiliwa kazini. Neno sifa liachiwe kile mtu anachokijua na anachoweza kukifanya, na mahitaji yabaki kuwa godoro na nauli. Nawe mzazi utakayeketi saiba mwaka huu, kabla hujauliza bei ya hosteli mwulize mtoto amepata nini katika lile somo analotaka kufundisha. Kama ni C na wastani wake ni C+, kriminolojia ipo, polisi ipo, na kozi nyingine za C+ zipo. Ualimu wa Kiingereza wa sekondari, kwa masharti ya leo, haumo.