Mgahinga: Hifadhi Ndogo, Deni Kubwa

Leo twaenda Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo hukutana juu ya kilele kimoja cha mlima.

Mlima huo ni Sabinyo, maana yake meno ya mzee, kwa jinsi kilele chake kilivyochongoka. Wa pili ni Gahinga, yaani rundo dogo la mawe, kama yale wanayorundika wakulima wa huko wanaposafisha mashamba yao. Wa tatu ni Muhabura, kiongozi wa njia, wenye urefu wa mita 4,127. Yote mitatu ilipata kutema moto zamani. Upande wa Uganda wa milima hiyo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga. Eneo lake ni kilometa za mraba 33.7 tu, nayo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini humo.

Ukipanda mlimani utakutana kwanza na mianzi. Humo huishi kima wenye manyoya ya rangi ya dhahabu, nao nyati na tembo hupita. Lakini wageni wengi huja kumwona gorila wa milimani. Mnyama huyu si sokwe. Ni mkubwa zaidi, na chakula chake ni majani, mashina na machipukizi ya mianzi. Dume aliyepevuka huota manyoya meupe mgongoni, naye ndiye mkuu wa jamaa yake.

Wataalamu wa Ulaya walimjua lini? Mwaka 1902 ofisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, aliwapiga risasi gorila wawili katika mlima Sabinyo. Mwaka uliofuata mnyama huyo akapewa jina la kitaalamu lililotokana na jina la ofisa huyo. Lakini wenyeji walikuwa wakimjua tangu kale. Watambuzi wake wakubwa walikuwa Watwa, watu wa msituni, waliopata humo asali, nyama, dawa na mahali pa kuabudu.

Mwaka 1930 Serikali ya Kiingereza ilitenga sehemu ya milima hiyo iwe kimbilio la gorila. Katika miaka ya 1950 sehemu ya chini ikapunguzwa, ikapewa wakulima, maana watu walikuwa wengi na ardhi haba. Mwaka 1955 Mjerumani mmoja, Walter Baumgärtel, alishika hoteli ndogo pale Kisoro. Yeye alifikiri kwamba mgeni akilipa ili amwone gorila, gorila atakuwa na faida akiwa hai. Wageni na wataalamu wakaja, nao waliongozwa mlimani na mwenyeji, Reuben Rwanzagire, aliyesifika kwa kufuata nyayo.

Hata hivyo hatari ilizidi. Mitego, bunduki na majembe vilipunguza wanyama, hata hesabu ya mwaka 1981 ikaona gorila kama 250 tu katika milima yote ya Virunga. Basi mwaka 1991 Serikali ya Uganda ikaifanya Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa. Wakulima waliolima ndani wakaondoka. Watwa nao wakatolewa, wala hawakupewa ardhi nyingine.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, hapa mwenyeji alipona? Gorila alipona: katika hesabu ya miaka ya 2015 na 2016 walionekana 604 katika Virunga. Lakini Mtwa aliyezaliwa msituni akawa kibarua katika shamba la jirani. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba Watwa walitolewa katika misitu yao bila fidia ya haki, nao wastahili kutendewa haki.

Yatupasa tusiseme kwamba hifadhi ilikuwa kosa. Bila hiyo huenda tungesimulia habari za gorila kama habari za mnyama aliyekwisha. Wala tusiseme kwamba deni limelipwa. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na raia mwenye elimu hana budi kuyashika yote mawili.

Nawe ukijaliwa kufika huko, usiende ukiwa na mafua, kwa kuwa gorila huambukizwa magonjwa yetu. Utakaa nao saa moja tu. Kisha tafuta Watwa wanaowaongoza wageni, uwasikilize wakieleza msitu ulikuwa nini kwao.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini eneo la hifadhi lilipunguzwa katika miaka ya 1950?
2. Ni nani aliyefaidi zaidi mwaka 1991, na ni nani aliyepoteza?
3. Kama ninyi mngekuwa baraza la Kisoro, fedha za wageni mngezigawaje?