Mrithi Aliyeigeuzia Kamera Nyumba ya Babu Yake

Mzee anapofariki na siku za matanga zikaisha, ukoo hukaa chini kugawa alichoacha: shamba, nyumba, mifugo, pengine hata madeni. Sote tumeona jinsi kikao hicho kinavyoweza kuimarisha udugu au kuuvunja. Mara nyingi swali linaloulizwa ni moja tu: nani atachukua nini? Ni nadra kusikia swali la pili: mali hii ilitoka wapi, na ni jasho la nani lililoizalisha? Katika tafakari hii, vijana wapendwa, tunamtazama mwanamke mmoja wa Marekani aliyethubutu kuuliza swali hilo la pili mbele ya watu wote, tena kwa njia ya filamu.

Jina lake ni Abigail Disney, aliyezaliwa mwaka 1960. Babu yake, Roy O. Disney, pamoja na mdogo wake Walt, walianzisha kampuni ya filamu za katuni huko Los Angeles mwaka 1923. Walt alikuwa mtu wa kubuni. Roy alikuwa mtu wa hesabu na wa kutafuta mikopo. Mwaka 1928 walimleta duniani panya Mickey Mouse, na mwaka 1955 wakafungua bustani ya burudani ya Disneyland katika mji wa Anaheim, California. Walt alipofariki mwaka 1966, Roy alibaki kazini hadi bustani ya pili ilipofunguliwa Florida, Oktoba 1971. Desemba ya mwaka uleule naye akafariki.

Historia hiyo husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ndugu wawili maskini waliofanikiwa kwa bidii. Bidii ilikuwapo kweli. Lakini mwaka 1941 wachoraji wa kampuni hiyo waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe na malipo yawe ya haki. Walt aliuona mgomo ule kama usaliti. Hata hivyo kampuni ililazimika kukitambua chama. Basi tangu zamani picha zilizowachekesha watoto wa dunia nzima zilitoka katika mikono ya watu wengi, na watu hao walikuwa na njaa na kodi za nyumba kama watu wengine.

Abigail alizaliwa ndani ya utajiri huo. Ameandika kwamba tangu ujana alifundishwa kuulinda urithi: mtaji wenyewe usiguswe kamwe, zitumike faida zake tu. Sheria za Marekani huruhusu mali kuwekwa katika amana maalumu, ikapita kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu na vitukuu huku kodi ikikatwa kidogo tu. Hivyo mtoto anaweza kuwa tajiri kabla hajafanya kazi hata ya siku moja. Ameeleza pia jinsi usiku mmoja alivyosafiri peke yake katika ndege ya familia, aina ya Boeing 737, akiwa amelala juu ya kitanda kikubwa na wahudumu wakimngojea. Badala ya kujiona mwenye heri, aliona haya. Kwa maelezo yake mwenyewe, tangu alipokuwa na miaka ishirini na kitu ametoa takriban dola milioni 70.

Filamu yake ya kwanza kujulikana ilitokea Afrika. Mwaka 2008 alitoa filamu juu ya wanawake wa Liberia, akiwa mtayarishaji na Gini Reticker akiwa mwongozaji. Wanawake hao, Wakristo na Waislamu pamoja, walivaa nguo nyeupe wakaketi siku baada ya siku karibu na soko la samaki la Monrovia, wakidai vita vikome. Mwaka 2003, mazungumzo ya amani yalipokwama huko Accra, walikaa mlangoni mwa ukumbi wakiwazuia wajumbe kutoka. Kiongozi wao, Leymah Gbowee, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011. Kwetu sisi tunaoijua vita kwa majina ya jamaa zetu, filamu hiyo haihitaji kuelezwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulimjia mwaka 2018, na safari hii ulitoka nyumbani kwake. Mfanyakazi wa usafi wa Disneyland alimwandikia kumweleza kwamba mshahara haumtoshi. Abigail hakuwa na cheo katika kampuni, angeweza kunyamaza. Alikwenda Anaheim akawasikiliza wafanyakazi. Uchunguzi uliofanywa mwaka huohuo miongoni mwa wafanyakazi wapatao 5,000 ulionyesha kwamba 73 kwa mia hawakupata fedha za kutosha kwa mahitaji ya lazima, na zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa amekosa makazi katika miaka miwili iliyotangulia. Kampuni iliupinga uchunguzi huo. Mwaka huo mkurugenzi wake mkuu alipokea dola milioni 65.6, yaani zaidi ya mara 1,400 ya mshahara wa mfanyakazi wa kati. Kampuni ilijitetea kwamba malipo hayo yalitokana na mafanikio ya kazi yake, na kwamba inawalipia wafanyakazi masomo.

Mwaka 2019 Abigail aliandika gazetini kupinga pengo hilo, na mwaka 2022, pamoja na Kathleen Hughes, akatoa filamu juu ya wafanyakazi hao. Wapo waliomwambia: ni rahisi kuhubiri haki ukiwa umeshiba. Neno hilo lina uzito, kwa maana yeye bado ni tajiri. Tena tusikosee kudhani kwamba yeye ndiye aliyepandisha mishahara. Vyama vya wafanyakazi vilikubaliana na kampuni mwaka 2018 kufikia dola 15 kwa saa. Mwaka uleule wapiga kura wa Anaheim walipitisha sheria ya mshahara wa chini, na mwaka 2023 mahakama ya rufani iliamua kwamba inaihusu kampuni hiyo pia. Haki ilidaiwa na wale walionyimwa. Mrithi alisimama kama shahidi. Yeye mwenyewe anasema kwamba sadaka ya matajiri haitoshi, na mwaka 2020 alikuwa miongoni mwa mamilionea walioziomba serikali ziwatoze kodi zaidi.

Wengi wetu hatutarithi kampuni wala ndege. Lakini tunarithi kiwanja, duka, jina la ukoo, masomo yaliyolipwa na kaka aliyeacha ya kwake. Nyuma ya kila kimoja yupo mtu aliyebeba, aliyelima, aliyeuza sokoni mpaka jua likatua. Mara nyingine ni mtu wa kazi aliyelipwa kidogo, au ambaye hakulipwa kabisa. Kumtaja mtu huyo hadharani, hasa pale ambapo kumtaja kunaugharimu ukoo wetu, ndiko kurithi kama watu wazima.

Maswali ya kutafakari pamoja:
1. Katika urithi wa familia zetu, ni jasho la nani ambalo halitajwi?
2. Anayefanya kazi nyumbani au shambani kwetu, je, malipo yake yanamtosha kuishi?
3. Ni lini tumenyamaza mbele ya kosa kwa sababu lilikuwa la watu wetu?