Kesi ya Chebeya: polisi mbele ya mahakama ya kijeshi

Mkaaji wa Kasha, Bukavu, akipigwa au kufungiwa bure na polisi, kesi yake kisheria haiendi mahakama ya amani. Kifungu cha 156 cha Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 kinamweka polisi chini ya mahakama za kijeshi, kama askari wa jeshi. Njia hiyo inafika wapi na inakwama wapi, tuliiona katika kesi ya mtoto wa Bukavu, Floribert Chebeya Bahizire, kiongozi wa shirika la haki za binadamu la Voix des Sans-Voix.

Tarehe 1 Juni 2010 alikwenda makao makuu ya polisi Kinshasa kuonana na mkuu wa polisi, Jenerali John Numbi. Dereva wake, Fidèle Bazana, ndiye aliyempeleka, naye hakuonekana tena. Kesho yake Chebeya alikutwa Mitendi, pembezoni mwa Kinshasa, amekufa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Kando yake palikuwa na kondomu na nywele za kike, ili ionekane alifia uzinzini. Waliomjua hawakudanganyika hata kidogo.

Numbi alisimamishwa kazi, lakini katika kesi ya kwanza alisikilizwa kama mtoa maelezo tu. Katika mahakama za kijeshi cheo ni ukuta: hakimu hamhukumu aliyemzidi nyota. Juni 2011 Kanali Daniel Mukalay na wenzake watatu waliokuwa mafichoni walihukumiwa kifo, na dola likaamriwa kulipa fidia. Rufani ya 2015 ilimwachia Mukalay kifungo cha miaka 15.

Mambo yaligeuka Februari 2021. Polisi wawili waliokimbilia uhamishoni walikiri redioni kwamba walishiriki, na kwamba Chebeya na Bazana walizibwa pumzi kwa mifuko ya plastiki. Kesi ikafunguliwa upya. Tarehe 11 Mei 2022 Christian Kenga Kenga, mmoja wa wale waliokuwa mafichoni, alihukumiwa kifo, na mwenzake Jacques Mugabo miaka 12.

Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba ni haramu. Ni sawa, aliyetii aadhibiwe. Lakini mahakamani Numbi alitajwa kuwa ndiye aliyeamuru, jambo analolikana, naye alikuwa ameshaondoka nchini. Hukumu ilisomwa bila yeye kizimbani na bila mwili wa Bazana kupatikana. Numbi aitwe ajibu, na familia ya Bazana ionyeshwe mahali alipozikwa ndugu yao.