Ngitili: ghala la majani lisilo na paa

Ukisikia neno hei unafikiria marobota na banda la bati. Wazee wa Kisukuma kule Shinyanga walikuwa na ghala lisilo na paa: ngitili. Mvua zikianza, kipande cha malisho kilifungwa. Majani yalikua, yakakauka yakiwa yamesimama, na kiangazi kikikaza wakaingizwa kwanza ndama, wagonjwa na ng'ombe wanaonyonyesha.

Enzi za ukoloni miti mingi ilifyekwa ili kuondoa mbung'o. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Kaya zikahamishwa, ngitili zikabaki bila mlinzi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, zilikadiriwa kubaki kama hekta 600 tu. Mwanzoni mradi ulikazania vitalu vya miti, lakini kilichoshika kasi ni ngitili, kitu ambacho wenyeji walikijua tayari. Kufikia miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Kasoro ipo. Nyasi ikizeeka imesimama, protini inapungua, na moto wa siku moja unamaliza akiba yote. Kwa hiyo mvua zikipungua, kata sehemu ikianza kutoa maua, anika siku mbili tatu ukigeuza, funga kwa kasha la mbao, kisha panga juu ya kichanja. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliyapanga marobota chini sakafuni. Yaliota ukungu, ng'ombe wakayakataa, na mwenye ng'ombe akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona ngitili.