"Cousin Jack": Asili ya lakabu ya wachimba migodi wa Cornwall

"Cousin Jack", yaani binamu Jack, ni lakabu ya wenyeji wa Cornwall, rasi iliyoko kusini magharibi mwa Uingereza. Hasa walioitwa hivyo ni wale waliohamia ughaibuni kuchimba madini. Wanawake wao waliitwa "Cousin Jenny".

Kuhusu chimbuko la jina hili, kuna maelezo mawili. Lisimuliwalo sana ni kwamba kila msimamizi wa mgodi alipohitaji kibarua, mchimbaji kutoka Cornwall hakukosa jibu: alikuwa na binamu yake nyumbani, Jack, fundi hodari ambaye angekuja iwapo angelipiwa nauli. Mabinamu wakazidi kumiminika, hata wote wakaitwa kwa jina hilo. Maelezo ya pili ni kwamba watu wa Cornwall walizoea kuitana binamu hata pasipo nasaba, na Jack lilikuwa jina la kawaida mno.

Nyuma ya kicheko hicho mna historia ya dhiki. Cornwall ilisifika kwa bati na shaba, lakini bei ya shaba ilipoporomoka katika miaka ya 1860, migodi mingi ilifungwa na maelfu ya watu wakahama. Walielekea Moonta nchini Australia, Michigan na Grass Valley nchini Marekani, na baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mnamo 1886, Afrika Kusini. Wengine walikuwa wametangulia Real del Monte, Mexico, tangu miaka ya 1820. Walitafutwa kwa ujuzi wao wa kupasua miamba migumu na kuvuta maji mgodini kwa mitambo ya mvuke. Fedha walizotuma ndizo zilizokimu familia nyingi walizoziacha.

Kwa mahasimu wao kazini, lakabu hii iliweza kuwa kijembe cha upendeleo. Wenyewe waliigeuza kuwa fahari, na vizazi vyao hujitambulisha kwayo hadi leo.

Mgodi wa bati wa South Crofty, uliokuwa wa mwisho kufanya kazi Cornwall, ulifungwa mwaka wa 1998. Mnamo 2006 Unesco iliorodhesha maeneo ya migodi ya Cornwall na Devon Magharibi kuwa urithi wa dunia. Jack wa kila hadithi huenda hakuwa binamu wa damu. Lakini wahenga walinena, undugu ni kufaana, si kufanana.