Fuvu na meno ya fisi

Fisi madoa (Crocuta crocuta) ni mla nyama wa Afrika, kusini mwa Sahara, mwenye meno 34 na taya zinazoweza kuvunja mifupa ya pundamilia, hata ya twiga. Sifa yake ya ulaji mizoga imetiwa chumvi: Serengeti na Ngorongoro, sehemu kubwa ya chakula chake hukiwinda mwenyewe.

Mfupa hauvunjwi kwa chonge, kama wengi wanavyodhani. Kazi hiyo ni ya magego yaliyo nyuma ya chonge, manene na yenye umbo la pia, mithili ya nyundo. Nyuma zaidi, kila upande, gego la juu na la chini hupishana kama makasi na kukata ngozi na nyama. Kwa kuwa mfupa hupondwa mbele, makali ya nyuma hayaharibiki upesi. Enameli nayo imesukwa kwa mikunjo ya kwenda pogo, hivyo ufa ukianza haufiki mbali.

Ukipapasa utosi wa fuvu utakuta ukingo wa mfupa uliosimama kama mkuku wa mashua iliyopinduliwa. Hapo hujishikiza misuli ya taya. Mifupa humeng'enywa tumboni, na kalisi yake ndiyo hukifanya kinyesi kikavu cha fisi kiwe cheupe kama chokaa.

Fisi mdogo (Proteles cristata), wa ukoo huohuo, hula mchwa kwa ulimi unaonata. Chonge anazo, lakini magego yake yamebaki vijino vidogo vilivyoachana.