Klachi Inayoteleza na Klachi Isiyoshika

Njia ya kutoka mjini Taveta kwenda Ziwa Chala hupanda. Ziwa limo ndani ya kasoko ya volkano mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na mwinuko wa kulifikia hauna huruma kwa skuta iliyobeba abiria na gunia. Bodaboda nyingi za Taveta na Voi huendeshwa kwa gia na cheni. Skuta isiyo na gia ni jambo jingine: nguvu ya injini hupita kwenye mkanda wa raba na klachi kabla ya kufika gurudumu la nyuma. Gokati nyingi, vigari vidogo vya mashindano, zina klachi ya ukoo huohuo.

Hitilafu ya mitambo hii ya mkanda na klachi huanza kusikika kabla ya kuonekana. Injini inapiga resi, chombo hakiongezi mwendo, kisha harufu ya raba iliyoungua inafuata. Fundi akiulizwa husema, “Klachi inateleza.” Kauli hiyo si kosa, lakini imebeba mambo ambayo yangefaa kutenganishwa, maana tiba zake hazifanani.

Neno klachi tumelichukua kutoka Kiingereza, ambako asili yake ni kitenzi cha kukamata kwa nguvu. Sioni sababu ya kulitafutia mbadala. Limeshaota mizizi gereji zote. Vitenzi vinavyolizunguka ndivyo hazina yetu: klachi inashika, klachi inaachia, klachi haishiki. Kutokana na hivyo tunaweza kupata mshiko, yaani hali ya pande mbili kuzunguka kwa pamoja, na mtelezo, yaani pande mbili kugusana huku moja ikiiacha nyingine nyuma. Hapa ndipo ninaposimama: si kila mtelezo ni ugonjwa. Chombo kinapoondoka, klachi lazima iteleze kidogo, la sivyo kitaruka kwa kishindo au injini itazima. Ugonjwa ni mtelezo unaoendelea pale ambapo mshiko ulipaswa kuwa umekamilika. Huo ndio uitwe kutoshika.

Kulegea nako ni neno la peke yake. Mkanda uliolegea huteleza, lakini mkanda uliokazwa barabara nao huteleza ukimwagikiwa na oili. Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, alionyesha kwamba kamba iliyozungushwa kwenye gogo hushikiliwa na msuguano pamoja na kiasi cha pembe ambayo kamba imelizunguka. Puli ni vivyo hivyo: ukipunguza msuguano, au ukipunguza sehemu ya puli inayozungukwa na mkanda, mshiko unapungua. Mkanda wa V hupata nguvu ya ziada kwa kujibana kwenye mfereji wa puli kwa mbavu zake. Mfereji wenye pembe ya karibu nyuzi 40 huzidisha mshiko takriban mara tatu kuliko mkanda bapa. Kwa hiyo mkanda ambao mbavu zake zimelika hadi mgongo wa ndani ukagusa chini ya mfereji umepoteza kazi yake, hata kama haujapasuka popote.

Kosa la mkanda na la klachi hutofautishwaje bila kufungua kila kitu? Mara nyingi, kosa likitokea wakati wa kuondoka tu, kisha chombo kikakimbia vizuri, shaka ielekezwe kwenye klachi: vipande vinavyotanuka kwa mzunguko vimelika au vimeng’aa, na kikombe chake huenda kimegeuka rangi ya bluu kwa joto. Kosa likitokea katikati ya mlima, mwendo ukiwa tayari umepatikana, mshukiwa wa kwanza ni mkanda. Fungua kifuniko. Vumbi jeusi la raba, mbavu zinazong’aa kama kioo, upana uliopungua chini ya kipimo cha mtengenezaji: hizo ni dalili zake.

Msamiati huu unafaa pia kwenye mashine ya kusaga unga, ambako wengi wetu tuliona mkanda ukifanya kazi kabla ya kuijua skuta. Huko dawa ya kila kosa huwa ni kukaza. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huumiza beringi za injini na za mashine, na kama kisa kilikuwa raba iliyochakaa, utateleza tena. Mikanda ikiwa mitatu au minne kwenye puli moja, ibadilishwe yote kwa pamoja, kwa sababu ile ya zamani imeshavutika na mzigo wote utaangukia ule mpya.

Na oili ikionekana ndani ya kifuniko cha skuta, mkanda mpya usubiri. Kwanza itafutwe sili inayovuja, kisha puli na kikombe visafishwe hadi vikauke.